Injini Iliyopita Elburgon

Msomaji, kama siku moja utapata safari ya kupita Elburgon, na mvua ya Mau ikakulazimisha kubisha hodi kwangu, utanikuta katika chumba cha uani nimeinamia meza ndefu, kisu kidogo mkononi na vumbi la mwerezi katika nyusi. Juu ya meza hiyo pana stesheni. Pana jengo lenye paa la bati, pana tangi la maji lililosimama juu ya miguu ya chuma, pana magogo yaliyopangwa kando ya reli yakingoja kupakiwa, na nyuma ya hayo yote pana msitu ambao wanafunzi wangu waliutengeneza kwa vijiti na majani makavu. Ni mfano wa stesheni yetu wenyewe, wala si wa nchi nyingine. Kipimo chake ni moja kwa hamsini: meta hamsini za dunia ni meta moja ya meza yangu. Reli za zamani za nchi hii zimeachana meta moja kamili. Kwa hiyo reli za mezani zimeachana sentimeta mbili. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza aweza kuifanya hesabu hiyo bila ya kalamu, nami nilikichagua kipimo hicho kwa uvivu huo huo.

Stesheni haikunisumbua, maana ipo, na mtu aweza kwenda kuipima kwa utepe. Mbao nazo hazikunisumbua. Elburgon ni mji wa mbao. Mlio wa misumeno ni saa yetu ya asubuhi, na vipande vya mwerezi ambavyo fundi huvitupa vyatosha kujenga meza mia. Mti huo hapo zamani ulipelekwa ng'ambo kutengenezewa kalamu za risasi, kwa kuwa wachongeka vizuri bila kupasuka ovyo. Basi nami nauchonga. Jambo lililoninyima usingizi kwa muda wa mwaka mzima na zaidi ni swali ambalo huenda wewe ukaliona dogo. Nilijiuliza: ni injini gani isimame katika stesheni ile?

Wengi wa watu wenye mchezo huu, hasa Ulaya na Marekani, hununua injini kwanza, kisha hujenga nchi ya kuizunguka. Wanapendezwa na injini fulani dukani, wanarudi nayo nyumbani, ndipo wanapoitafutia mlima, daraja na kijiji. Siwalaumu. Lakini mimi nilikuwa na kijiji tayari, na kijiji changu kilikuwa na historia yake, na injini isiyopata kupita hapa ingekuwa kama mgeni aliyeketishwa katika picha ya ukoo.

Lazima nikiri kwamba chaguo langu la kwanza lilikuwa la moyo, halikuwa la akili. Katika makumbusho ya reli mjini Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971 karibu na stesheni kuu, zimo injini mbili za kundi la 59. Moja ni namba 5918, iitwayo Mount Gelai, na ya pili ni namba 5930, Mount Shengena. Kama hujaziona, nenda ukazione. Injini za kundi hilo zilikuwa 34, zote zilitengenezwa na kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester, Uingereza, katika mwaka 1955 na 1956. Urefu wake ni kama futi 104, na uzito wake ni tani 252 ikiwa na maji na mafuta. Katika dunia nzima hazikupata kuwako injini za mvuke zenye nguvu kuzishinda juu ya reli za upana wa meta moja. Rangi yake ni nyekundu iliyokolea kama damu ya mzee, na ubavuni zina bamba la jina. Zote zilipewa majina ya milima na vilele vya Afrika ya Mashariki. Nami nilipoisoma orodha ya majina hayo nikakuta humo Mount Londiani, Mount Eburu, Mount Longonot na Menengai Crater. Jirani zangu wote! Milima niionayo nikienda sokoni au nikisafiri kwenda Nakuru! Je, ungekuwa wewe ungesita? Mimi sikusita. Nilirudi nyumbani na vipimo katika daftari, nikagawanya kwa hamsini, nikapata mwili wa sentimeta 63, nikaanza kuchonga.

Nilichonga miezi mitano. Mwezi wa tano akaja kunitembelea mzee mmoja aliyefanya kazi ya reli Nakuru tangu ujana wake mpaka kustaafu. Alikunywa chai, akaizunguka meza mikono nyuma, akainama mpaka pua yake ikakaribia kugusa boila.

"Mwalimu," akasema, "hii umeitoa wapi?"

"Nimeitoa makumbusho, mzee."

"Basi irudishe makumbusho. Huku kwetu haikupanda. Reli zetu zingelia."

Nilijaribu kubisha. Nikamtajia Mount Londiani. Akacheka mpaka akaketi. "Jina ni rangi tu, Mwalimu. Mtoto aweza kuitwa Nakuru na asipate kufika Nakuru." Akanieleza neno ambalo nalikuelezea wewe sasa, maana ndilo kiini cha mambo yote ya kuchagua injini.

Injini hainyimwi njia kwa sababu ya urefu wake au nguvu zake. Hunyimwa kwa sababu ya uzito unaokanyaga reli chini ya kila mhimili wa magurudumu. Mhimili mmoja wa injini ya kundi la 59 hukanyaga kwa tani 21. Kazi ya injini hizo ilikuwa hasa kati ya Mombasa na Nairobi, ambako reli nzito zilitandikwa ziweze kuzichukua. Lakini reli zilizotandikwa na wajenzi wa kwanza, walioanza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwezi wa Desemba 1901, zilikuwa nyembamba, za ratili 50 kwa kila yadi moja. Tena njia yetu ya kuelekea Kisumu haipandi tu Mau hadi zaidi ya futi 8,300; hupita pia juu ya madaraja marefu ya miguu ya chuma, 27 kwa hesabu, yaliyotengenezwa na kampuni ya Marekani na kusimamishwa juu ya makorongo ya Mau. Njia ya namna hiyo ina adabu zake. Haimkaribishi kila mgeni.

Basi niliiondoa Mount Londiani mezani, nikaiweka juu ya kabati la vitabu. Ipo hata leo, haijamalizika, haina magurudumu ya nyuma. Sitaki kukuficha kwamba niliumia. Kwa muda wa wiki mbili nilijiambia kuwa hakuna atakayejua. Kwamba watoto watakaokuja kutazama watafurahia rangi na ukubwa, na kwamba wazee wa reli wanaoweza kunisuta wamebaki wachache. Hayo yote yalikuwa kweli. Ndiyo yaliyonitia hofu. Kitu kinachosemwa uongo mbele ya watu wasiojua huwa kweli yao, na mimi ni mwalimu.

Nikaanza upya, na safari hii sikuanza na injini. Nilianza na mwaka. Stesheni isiyo na mwaka haiwezi kuwa na injini, kwa kuwa njia hii imebadili wachukuzi wake mara nyingi. Kama ningechagua mwaka 1901, ningechonga injini ndogo ya Baldwin, ya Philadelphia, maana reli ya Uganda ilinunua 36 za namna hiyo Marekani wakati viwanda vya Uingereza vilipokuwa na kazi nyingi. Kama ningechagua mwaka 1907, ningeweza kumweka Winston Churchill garini, alipopita hapa akienda Kisumu ili avuke ziwa kwa meli mpaka Uganda. Siku hizo Elburgon ilikuwa njia kuu. Kila aliyekwenda Uganda kwa reli aliunusa moshi wa mierezi yetu. Baadaye ikajengwa njia nyingine kutoka Nakuru kupita Timboroa na Eldoret, ambayo ilifika Kampala mwaka 1931, na sisi tukabaki juu ya tawi. Ukichagua mwaka baada ya huo, hutakiwi kuweka gari la fahari la Kampala mezani, hata ulipende namna gani.

Katika miaka ya 1920 zililetwa injini za kundi lililokuja kuitwa la 24, zenye magurudumu manane makubwa na behewa dogo la kuni au makaa nyuma yake. Mwaka 1926 zilifika Garratt za kwanza, ambazo nitakueleza punde. Mwaka 1948 reli za Kenya na Uganda ziliunganishwa na za Tanganyika. Mwaka 1955 na 1956 zilikuja injini za kundi la 31, zilizopewa majina ya makabila, na kabla yake kidogo zile za kundi la 60, zilizopewa majina ya magavana. Tazama, msomaji, jinsi mabamba yale yalivyogawanywa: magavana wakapewa injini, milima ikapewa injini, makabila yakapewa injini. Mchochea moto hakupewa hata behewa. Baada ya uhuru majina ya magavana yaling'olewa. Milima ikaachwa na majina yake. Mwaka 1960 zikaingia dizeli za English Electric, na mvuke ukaanza kuaga.

Niliwapa wanafunzi wa chama chetu miaka hii yote wachague. Wavulana wengi walitaka mwaka 1901, nadhani kwa sababu ya simba wa Tsavo, ingawa Tsavo iko mbali na simba wale waliuawa mwaka 1898. Wengine walitaka 1963, ili waweke bendera. Tukabishana mpaka kengele ikalia. Ndipo msichana mmoja wa kidato cha pili, ambaye hakuwa amesema neno, akauliza: "Mwalimu, na pale stesheni watakuwa wamesimama akina nani?"

Hatukuwa tumefikiri juu ya watu. Tulikuwa na magogo, tangi la maji na kengele ya shaba yenye ukubwa wa punje ya mtama, lakini hatukuwa na mtu.

Jioni ile nilikwenda kwa nyanya yangu. Ana umri wa kama miaka tisini, na masikio yake husikia anapotaka. Yeye alizaliwa katika shamba la mzungu mmoja kati ya Elburgon na Molo, ambako baba yake alikuwa skwota. Yaani alilima kipande cha ardhi kwa ruhusa, na kukilipia kwa kazi ya mikono. Nilijua tangu utotoni kwamba aliondolewa huku akiwa msichana, akarudi baada ya uhuru. Lakini nilijua kama mtu ajuavyo kwamba kuna bahari: bila ya kuionja.

Kwako wewe uliyezaliwa juzi, yafaa nieleze. Hali ya hatari ilitangazwa Kenya tarehe 20 Oktoba 1952. Tangu mwisho wa mwaka huo na katika mwaka uliofuata, maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu waliokuwa wakiishi na kufanya kazi katika mashamba na misitu ya Bonde la Ufa waliondolewa, wakapelekwa mkoa wa kati, ambako wengi wao hawakuwa na shamba wala nyumba, na wengine hawakupata kukanyaga maishani mwao. Walipelekwa kwa malori, na walipelekwa kwa reli. Njiani waliwekwa katika kambi za Nakuru, Gilgil na Thika. Hayo yamo katika vitabu vya historia. Yasiyomo ni injini.

Nilikuwa na picha za injini mfukoni, lakini nilizificha. Nakusihi ufanye vivyo hivyo kama utapata kumuuliza mzee jambo la kale. Ukimwonyesha picha kwanza, atakumbuka picha yako, hatakumbuka yake. Nikamwuliza tu: "Nyanya, gari lililowachukua lilikuwa namna gani?"

Alinyamaza kitambo, akiendelea kuchambua maharagwe.

"Lilikuwa na tumbo katikati," akasema, "na masanduku mawili, moja mbele na moja nyuma. Sanduku la mbele lilikuwa likitoka jasho. Kulikuwa na baridi, na lile sanduku linatoka jasho. Nikamwambia mama, hata gari linaogopa."

"Na kuni ziliwekwa wapi?"

"Hakukuwa na kuni. Sisi tulikuwa watu wa kuni, mjukuu wangu. Ningeziona."

"Ilikuwa mwezi gani?"

"Mahindi yalikuwa yamekauka shambani, hatujavuna. Krismasi ilitukuta kambini."

Nilitoka pale miguu haikanyagi chini. Huzuni ilikuja baadaye. Kwanza ilikuja furaha ya mtu aliyepewa ufunguo, nami sioni haya kuisema, maana furaha na huzuni hukaa nyumba moja. Nyanya yangu, asiyejua kusoma namba juu ya injini, alikuwa amenieleza Garratt kuliko kitabu.

Garratt ni jina la Mwingereza, Herbert William Garratt, aliyeomba hati ya ubunifu wake mwaka 1907. Injini ya kwanza ya namna hiyo ilijengwa na Beyer Peacock kwa ajili ya Tasmania mwaka 1909. Fikra yake ni nyepesi na ya ajabu kwa pamoja. Mtu mzito akikanyaga matope kwa kisigino huzama. Akilala juu ya ubao hazami, ingawa uzito ni ule ule. Garratt aliulaza uzito. Alichukua injini mbili, akaziweka mbali, moja mbele na moja nyuma, kila moja na magurudumu yake. Juu ya ile ya mbele akaweka tangi la maji; juu ya ile ya nyuma akaweka mafuta au makaa na maji mengine. Kati yao akatundika boila moja kubwa, kama mzigo uliotundikwa juu ya mti na kuchukuliwa mabegani na wapagazi wawili. Kwa kuwa chini ya boila hamna magurudumu, boila yaweza kunenepa na tanuri lake likapanuka. Kwa kuwa wapagazi ni wawili, kila mmoja aweza kugeuka kidogo peke yake, na mnyama mrefu namna hiyo akapita katika kona za milimani bila kuvunjika mgongo. Tena hana haja ya kugeuzwa anapofika mwisho wa safari: huenda mbele au kinyumenyume kwa namna moja.

Tumbo katikati, masanduku mawili, la mbele limejaa maji baridi ya mlimani hata bati likatoka jasho. Hiyo si injini ya kundi la 24, wala ya 31. Hizo hazina sanduku mbele. Ni Garratt. Haichomi kuni, ni ya mafuta mazito, kama zilivyokuwa zimekwisha kubadilishwa nyingi wakati ule. Na mwezi ni Desemba 1952. Kwa hiyo si kundi la 59, ambalo lilikuwa bado miaka mitatu lizaliwe. Wala si kundi la 60. Hapo tena moyo wangu ulivutwa, kwa sababu injini ya kundi la 60, namba 6006, imo makumbushoni, na ningeweza kuipima msumari kwa msumari. Tena ni nyepesi, mhimili wake hukanyaga kwa tani 11 tu, na kundi hilo lilikuja kufanya kazi ya njia ya Kisumu kwa miaka mingi. Ingefaa kwa kila jambo isipokuwa tarehe. Injini hizo 29, nyingine za Manchester na nyingine za Ufaransa, zilijengwa mwaka 1953 na 1954. Nyanya yangu alikuwa amekwisha ondoka.

Zilibaki Garratt za kale. Zile kubwa za mwaka 1939 na baada yake zilikuwa na kazi ya njia kuu ya Kampala. Nikaziacha. Nikachagua zile za miaka ya 1920, zilizoitwa EC1 na baadaye kundi la 50, zilizobuniwa makusudi kwa reli za ratili 50. Ni injini zisizo na fahari. Hazikupewa jina la mlima wala la gavana. Masanduku yake ni ya pembe kali kama ya seremala mwenye haraka, na dohani yake ni fupi. Kama zingekuwa za kuuzwa dukani, mtoto angezipita akaenda kwenye nyekundu.

Makumbushoni sikuikuta hata moja ya kupima. Lakini karatasi za kiwanda cha Beyer Peacock zimehifadhiwa katika makumbusho ya sayansi na viwanda mjini Manchester, na kwa picha za zamani na michoro mtu mwenye subira aweza kufika. Nilichonga masanduku kwa mwerezi, nikayafunika bati la kopo la mafuta ya kupikia. Boila ni kipande cha bomba. Magurudumu makubwa kumi na sita, manane mbele na manane nyuma, yalikerezwa na fundi mmoja wa samani hapa mjini, ambaye hakutaka malipo ila alitaka kujua kwa nini yasiwe makubwa zaidi yapendeze. Vyuma vya kusukuma magurudumu nilivilehemu mwenyewe, nikaungua vidole viwili. Injini haiendi kwa mvuke wala kwa umeme. Huenda kwa kusukumwa na kidole, na hupita kona zangu zote.

Rangi ilileta ugomvi katika chama. Wanafunzi walitaka nyekundu. Nikarudi kwa nyanya, nikamwuliza rangi bila kutaja hata moja. Akasema: "Rangi ya chungu." Nikauliza, chungu kipya au cha zamani? Akanitazama kama anitazamavyo nikiuliza upuuzi. "Cha kupikia." Basi tukaipaka rangi ya masizi. Bamba la namba tuliliacha tupu, kwa sababu injini za kundi hilo zilikuwa nyingi na yeye alikuwa na mama yake wa kumtazama, si namba. Mabehewa tuliyoyafunga nyuma yake ni ya mizigo, ya mlango wa kuburuta ubavuni, maana ndiyo aliyosema. Watu wa mezani waliochongwa na wanafunzi wana kimo cha sentimeta tatu na nusu. Yule msichana wa kidato cha pili alichonga arobaini peke yake, na akawafunga mizigo migongoni kwa uzi.

Mwezi wa Agosti tulimleta nyanya alitazame. Tulimwekea kiti, wanafunzi wakasimama ukutani, kimya, kama siku ya mtihani. Aliangalia stesheni kwanza, akasema paa ni jipya mno. Akaangalia msitu, akasema miti ilikuwa karibu zaidi. Kisha akanyosha mkono, akaigusa injini kwa ncha ya kidole juu ya sanduku la mbele, pale ambapo jasho lilikuwa likitoka, akakiacha kidole pale kwa muda. Hakulia. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, sikujiandaa kwa lile alilosema.

"Mmeligeuza," akasema.

Sikumfahamu. Nilikuwa nimeielekeza injini Nakuru, dohani mbele, kama ilivyopasa gari linaloshuka kwenda Nakuru.

"Uso wake ulikuwa unatazama Molo," akasema. "Sisi tulikuwa tunakwenda Nakuru, na gari linatazama Molo. Yule dereva alikuwa karibu nasi kwa upande huu wa chini. Niliona hivyo nikamwambia mama, hawatupeleki mbali. Gari linataka kurudi."

Yule mzee wa reli, ambaye nilikuwa nimemwalika pia, alivua kofia yake. Injini ilikuwa imepanda kutoka Nakuru ikitangulia kwa dohani, akatueleza wanafunzi nami, na iliposhuka haikuwa na haja ya kugeuzwa, kwa hiyo ilishuka kinyumenyume. Ndivyo zilivyofanya kila siku. Alikuwa ameliona jambo hilo mara elfu, na hakuwa amekumbuka kunieleza.

Niliinyanyua injini kwa mikono miwili, nikaigeuza, nikairudisha juu ya reli. Nyanya akamwambia yule msichana asogeze watu wake karibu zaidi na mabehewa.